Tumbo Huzaliwa Likijua Maziwa Tu

Kuna harufu moja ambayo bado hunijia nikiwa nimesinzia kibarazani. Si ya samadi, wala ya majani mabichi. Ni pumzi ya ndama aliyetoka kunyonya: tamu kidogo, chachu kidogo, ya maziwa yaliyoanza kuganda ndani ya kitu chenye joto. Ikinijia hushtuka, na mkono wangu wa kulia huwa umekunjwa kana kwamba umeshika ndoo. Binti yangu hunicheka. Anasema, "Mama, wewe ulistaafu, ila mkono haukupewa barua."

Ninyi mnaosoma mifugo vyuoni, na ninyi mlionunua ndama au nguruwe wa kwanza juzi tu, maneno haya ni yenu. Nimelea wanyama wachanga maisha yangu yote ya kazi, kwanza kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko milimani juu ya Mbeya, kisha Iringa, nikiwa afisa mifugo wa kata. Watu waliniita Mama Mifugo, na hadi leo nikipita sokoni kuna wanaoniita hivyo bila kujua jina langu halisi. Silidai.

Shamba lile la Mbeya lilikuwa juu sana, mahali ambapo ukungu hauji wala hauondoki, unakaa tu kama mgeni aliyezoea. Asubuhi ukifungua mlango wa banda la ndama huoni ndama. Unaona mvuke wa pumzi zao ukipanda toka chini, hapa na pale, na ndani ya mvuke ule unasikia ulimi ukilamba mbao. Nilikuwa nasimama mlangoni nisitake kuingia, nikiogopa kuwaamsha kutoka kwenye ndoto waliyokuwa wakiiota. Nadhani na mimi nilikuwa ndani ya ndoto hiyo hiyo.

Aliyenipokea pale alikuwa Mzee Ambakisye, mlezi wa ndama wa siku nyingi. Alikuwa na kofia ya sufu ambayo hakuivua hata kanisani mpaka mkewe amkanyage mguu. Mzee huyu aliamini kabisa kwamba ng'ombe wa kizungu hawaelewi Kinyakyusa. Kwa hiyo kila asubuhi aliwasemesha Kiingereza chake: "Gudi moningi, kamu, kamu." Ndama walikuja, maana walisikia ndoo. Yeye akanigeukia kwa fahari, "Unaona? Lugha."

Siku hizo shambani maziwa yalikuwa yanachanganywa na uji wa ngano ili yatoshe ndama wote. Ndivyo tulivyoikuta kazi, na kila mtu aliifuata. Ndama wakaharisha, mikia ikalowa, macho yakazama. Mzee Ambakisye alisema ni baridi. Msimamizi alisema ni uchafu. Tukasugua sakafu mpaka ikang'aa, na ndama wakaendelea kufa juu ya sakafu safi.

Ndipo akaja Daktari Sekela, daktari wa mifugo, mama mwembamba mwenye sauti ndogo iliyokufanya usogee ili umsikie. Hakugombeza mtu. Alimchukua ndama aliyekufa asubuhi ile, akampasua pale nje kwenye majani yenye umande, akatuita.

"Sogeeni. Msiogope, hana maumivu tena."

Ng'ombe, mnajua, ana matumbo manne. Lile la kwanza, la kuhifadhi majani ya kucheua, kwa ng'ombe mkubwa linajaza karai na kumwagika. La ndama yule lilikuwa dogo, limelegea kama mfuko mtupu. Tumbo la nne ndilo lililokuwa kubwa. Daktari akalifungua.

"Huyu mtoto anaishi hapa," akasema. "Huko kwingine bado hajahamia."

Kisha akafanya jambo ambalo sijalisahau. Alikata kipande kidogo cha ngozi ya ndani ya tumbo lile la nne, akakiosha, akakitia kwenye kikombe cha maziwa ya vuguvugu. Tukasubiri. Ukungu ulikuwa unapita katikati yetu polepole. Alipokiinamisha kikombe, maziwa hayakumwagika. Yalikuwa yameganda, laini, yanatetemeka. Mzee Ambakisye akavua kofia yake.

"Hivi ni vimeng'enya," Daktari akasema. "Huvioni, lakini vinafanya kazi. Vichukulieni kama mikasi midogo. Kila chakula kina mkasi wake unaokikata kiingie mwilini. Huyu amezaliwa na mikasi ya maziwa tu. Mkasi wa ngano hana. Mkasi wa sukari ya dukani hana, na ndama hatakuwa nao kamwe. Ukimpa uji, unapita mzima mzima, unachacha, unavuta maji, mtoto anaisha."

"Na huo mkasi wa nafaka ataupata lini?" nikauliza.

"Unakua taratibu. Mwonjeshe kidogo kidogo akishapata nguvu, tumbo lijifunze. Lakini usimfundishe darasa la saba mtoto aliyezaliwa jana."

Tangu siku ile tukaacha uji. Tukamhakikishia kila ndama dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza ya mama yake, mapema kabla matumbo hayajafunga mlango wa kupitishia kinga. Maziwa yakapashwa moto hadi joto la mwili. Ndoo ya chuchu tukaitundika juu kidogo, ndama anyonye shingo ikiwa imeinuka, maana akinyonya hivyo maziwa hupita kwenye mfereji wake hadi tumbo la nne bila kudondokea lile la kwanza yakaoza. Vifo vikapungua. Mzee Ambakisye akaendelea na Kiingereza chake, ila aliongeza neno. Kila akishika ndoo alisema, "Milki onli."

Siku hizi mna maziwa ya unga ya ndama kwenye mifuko yenye picha nzuri, na mna simu zenye kila kitu. Vizuri. Lakini geuzeni mfuko msome kilichomo. Mengine yana soya nyingi, na ndama wa wiki ya kwanza haimfai. Mfuko una picha ya ndama mnene, ila ndama yule wa kwenye picha hakunywa mfuko ule.

Nilitaka kuwaambia hasa habari ya Kalenga, maana watu huniuliza kama elimu ya matumbo imewahi kumsaidia mtu asiyekuwa na mkia.

Nilikuwa nimeshahamia Iringa. Asubuhi moja ya kipupwe nilipigiwa simu na mama mmoja wa Kalenga, Mama Festo, mjane, mfugaji wa nguruwe. Alisema jike lake lilikufa lilipozaa na vitoto vinaisha kimoja kimoja. Kabla hajakata akaongeza, "Njoo uvione wewe mwenyewe, mama. Ili watu wasiseme mimi nimesingizia mtu."

Sikuelewa. Nilipofika nikaelewa.

Nyumba ilikuwa safi, ua umefagiliwa, bandani kukiwa na nyasi kavu. Aliyekuwa amechuchumaa bandani alikuwa mkamwana wake, Upendo, binti wa Tukuyu aliyeolewa kwa Wahehe. Mumewe, Festo, alikuwa akifanya kazi kiwandani Mgololo na kurudi nyumbani mara chache. Upendo alikuwa amepakata vitoto vinne vya nguruwe ndani ya kitenge. Vingine vilikuwa vimeshazikwa nyuma ya migomba.

"Kamwene," Mama Festo akanisalimu, na nikamwitikia. Hakunikaribisha kukaa. Alianza kusema hapo hapo, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyarudia maneno yake peke yake.

"Mama Mifugo, mimi sina ugomvi na mtoto wa watu. Lakini mkono wake haukai na kichanga. Mwaka jana mjukuu wangu, mtoto wake wa kwanza, alichukuliwa na homa mikononi mwake. Sasa na hawa. Kila kidogo anachokilisha kinaondoka. Nimemwita Festo aje Jumamosi. Ampeleke kwao akapumzike."

Upendo hakuinua kichwa. Alikuwa anafuta mkia wa kitoto kimoja kwa kona ya kitenge, polepole, kama mtu anayepangusa machozi ya mtu mwingine.

Wanangu, kwenye kazi hii utaingia nyumba za watu ukidhani umeitiwa mnyama. Nilitamani sana kusema neno kubwa. Badala yake nikauliza swali dogo.

"Vinakula nini?"

"Uji," Upendo akasema. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza. "Uji wa mahindi. Mwepesi."

"Nionjeshe."

Akaniletea bakuli. Nikaonja. Ulikuwa mtamu kama chai ya harusi.

"Nani ametia sukari?"

Kule bondeni mtu alikuwa anakata kuni, na mlio wa shoka ulitufikia umechelewa, umelainika. Upendo aliangalia chini. Mama Festo aliangalia mlima. Niliona vidole vyake vikikaza pindo la khanga, nikajua. Nikajua pia kwamba Upendo anajua, na kwamba hatasema, hata kama kunyamaza kwake kutampandisha basi la Tukuyu.

Sikuuliza mara ya pili.

"Sikilizeni," nikasema. Nikakaa kwenye gogo bila kukaribishwa. "Kitoto cha nguruwe kinazaliwa kinajua maziwa tu. Tumboni mwake kuna vimeng'enya vya maziwa, vingi kweli, lakini vya kukata wanga wa mahindi ni vichache mno, na vya sukari ya dukani havijazaliwa kabisa. Hivyo vitakuja baadaye, vinakua naye. Ukimpa uji wa sukari leo, unampa kitu ambacho tumbo lake halina cha kukifanyia. Anaharisha mpaka anakauka. Angelishwa na yeyote, angelishwa na askofu, angekufa."

"Hata na mkono wangu?" Mama Festo akauliza, bila kunitazama.

"Hata na wako, mama. Hata na wangu."

Sikuwa na uhakika kwamba vile vinne vitapona. Nilisema maneno yangu mbele ya wanyama wanaokufa, na kama wangekufa wote, maneno yale yangekufa nao, na binti yule angefunga mzigo. Niliogopa, siwafichi.

Jirani wa juu alikuwa na ng'ombe aliyezaa siku hiyo hiyo. Nikaenda mwenyewe kuomba dang'a. Niliporudi nikasema tunahitaji chupa yenye chuchu, ya mtoto. Nikaona nyuso zao nikatamani niyameze maneno yale. Upendo akainuka, akaingia ndani. Alikaa huko kidogo. Akatoka na chupa ndogo ya buluu iliyofungwa kwenye kitambaa cheupe.

"Upendo," mama mkwe wake akasema. "Hiyo?"

"Ndiyo iliyopo, mama."

Akaichemsha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamimina dang'a ya vuguvugu, akajidondoshea tone kwenye kifundo cha mkono, kama afanyavyo mama yeyote, akakaa juani penye nyasi akamweka wa kwanza mapajani. Kile kitoto hakikunyonya. Akakipapasa koo. Akaanza kuimba kwa chini, Kinyakyusa chetu, wimbo wa kubembelezea ambao hata mimi niliimbiwa. Sikumbuki tulikaa vile kwa muda gani. Moshi wa jikoni ulisimama wima. Nilihisi nimerudi kule milimani, mlangoni kwa ndama, na mvuke unapanda. Halafu nikasikia sauti ndogo, kama mtu anayefyonza maji kwenye udongo. Kinanyonya.

"Ndaga," Upendo akakiambia. Asante, kwa lugha ya kwetu. Alikishukuru kile kitoto kwa kukubali.

Nikamweleza: kidogo kidogo, mara nyingi, usijaze tumbo. Joto, maana kitoto kinachotetemeka hakisagi chakula. Uji hapana, sukari hapana. Nikaondoka nikiwa sijui kama vitapona.

Kesho yake nilipofika, kimoja kilikuwa kimekufa. Kile kidogo kuliko vyote. Mama Festo alisimama mlangoni na akasema, si kwa ubaya, kwa uchovu tu, "Unaona, mama."

Upendo alikuwa anawanywesha waliobaki. Alisema, "Huyu alikuja kwetu ameshakwisha, mama. Hawa watatu leo kinyesi kimeanza kushikana. Njoo uone."

Mama mkwe hakwenda. Lakini nilipokuwa napanda bodaboda nikageuka, nikamwona ameinama juu ya nyasi za bandani na mikono nyuma, anaangalia kinyesi cha nguruwe kwa makini kama anasoma gazeti.

Jumamosi nilikwenda bila kuitwa. Festo alikuwa ameshafika, bado na begi lake begani, mwanamume mrefu mpole ambaye unaona amelala vibaya njiani. Alisimama kati ya wanawake wawili hajui amsalimie nani kwanza.

"Mama," akasema, "umeniita. Nimekuja. Niambie nifanye nini."

Vitoto vitatu vilikuwa vinakimbizana miguuni mwake. Kimoja kiliuma kamba ya kiatu chake na kuivuta. Mama Festo alikiangalia muda mrefu.

"Sukari niliitia mimi," akasema. "Mkeo alipika uji mtupu, kwa sababu hakuna aliyemwambia lingine. Mimi nikapita nyuma yake nikatia sukari, kila mara. Nikaona vichanga visivyo na mama, angalau vionje utamu. Yeye aliniona. Hakusema."

Festo akamtazama mkewe. "Kwa nini hukusema?"

"Alikuwa anavipenda," Upendo akajibu. "Ningemwambiaje mtu kwamba upendo wake ndio unaoviua?"

Festo akashusha begi, akalitundika kwenye msumari wa mlangoni, na ndivyo nilivyojua kwamba hakuna anayekwenda Tukuyu.

Niliendelea kupita pale nikiwa na safari za huko. Vitoto vilipokuwa na nguvu tukaanza kuvionjesha: ugali laini ulioiva sana, dagaa waliosagwa, kiganja tu, kwenye sinia la bati. Mwanzoni vilikanyaga chakula, vikalala juu yake, kimoja kikanikojolea sketi. Mnaanza hivyo. Mpe akichezee, kisha akilambe, kisha akile, huku maziwa yakiendelea. Kila siku tumbo linaongeza ujuzi wake, vile vya maziwa vinapungua, vya nafaka vinakuja juu, na wewe huoni kitu. Unaona tu kwamba jana kinyesi kilikuwa kizuri na leo kizuri tena. Anayeachisha ghafla kwa sababu ana haraka, huyo anazika.

Kuna alasiri moja ya mwisho mwisho wa kipupwe nataka niwaachie. Jua la Iringa lilikuwa limelala juu ya majani makavu, lile la rangi ya asali ambalo linakufanya usahau ulichokijia. Vitoto vilikuwa vimemaliza sinia, vimelala kwa mpangilio, matumbo yakipanda na kushuka. Mimi na Upendo tulikaa kwenye benchi la ukutani. Mama Festo akatoka jikoni, akapangusa mikono, akasimama karibu nasi. Upendo akasogea. Mama mkwe akakaa kwenye nafasi ile, kati yetu.

Tukawaangalia nguruwe wakilala. Baadaye sana, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, akasema:

"Kabla ya Festo nilikuwa na mwingine."

Upendo akageuka. Hata Festo, nadhani, hakuwa analijua hilo.

"Wa kike. Alinyonya vizuri tu. Halafu akaharisha, siku chache. Mama mkwe wangu alisema ni maziwa yangu. Nami nikaamini. Nikaamini miaka yote hii."

Kitoto kimoja kiligeuka usingizini, kikaweka pua yake juu ya shingo ya mwenzake. Upendo aliuchukua mkono wa yule mama, ule wenye mikunjo, ulionuka moshi na vitunguu, akauweka mapajani mwake akaufunika kwa wake.

"Aliitwa nani, mama?"

Mama Festo alifungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa kama analitafuta mahali pa mbali, penye ukungu. Kisha akalisema, taratibu, kwa mara ya kwanza tangu wakati ule:

"Zawadi."